Hita ya Nyumbani kwa Mkwe

Mtaani walimwita Daktari wa Hita, na jina hilo hakulikataa hata siku moja. Ungemwona asubuhi na mkoba wa ngozi begani, mpira wa maji ameuviringisha na kuuvaa kifuani, anatembea taratibu kama mtu anayejua kwamba anakokwenda anasubiriwa. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, kitambi kidogo cha heshima, na mdomo usiochoka. Kila nyumba aliyoingia kuhudumia hita ya maji ya moto alitoa mawaidha yale yale: "Hita ni kama meno. Usipoyasafisha yakiwa mazima, utayang'oa yakiwa mabovu." Wenye nyumba walicheka, naye alicheka kuliko wao, kana kwamba ndiyo kwanza ameyatunga.

Kabla hatujamlaumu tuseme haki yake: kazi aliijua. Aliianzia ujanani katika chumba cha mitambo cha hospitali, penye tangi la maji ya moto kubwa kuliko chumba alichopanga, chini ya msimamizi ambaye ukimaliza kusafisha alipitisha kitambaa cheupe, na kitambaa kikirudi na doa ulianza upya. Huko ndiko alikojifunza kwamba maji hata yawe safi namna gani huacha chokaa, ile ile inayoganda ndani ya birika, na chokaa ikijaa chini ya tangi hita inaanza kuugua. Kwa hiyo kila hita ya mteja aliizima mara moja kwa mwaka, akafunga maji, akaunganisha mpira, akamwaga maji ya tangi mpaka yaliyotoka yakawa safi. Aliuchomoa ufito wa chuma unaoning'inia ndani, ambao kazi yake ni kuliwa na kutu ili tangi lisiliwe. Aliijaribu vali ya usalama, ile inayofunguka yenyewe presha ikizidi. Kazi ya saa tatu. Mwisho aliandika kwenye kadi, tarehe na mistari mitatu: tangi limesafishwa, ufito umekaguliwa, vali imejaribiwa. Akatia sahihi, akaifunga kadi kwa kamba kwenye bomba. Watu waliiamini kadi yake kuliko cheti cha daktari wa kweli.

Kwa wateja ndivyo alivyokuwa. Nyumbani kwa mama mkwe wake mambo yalikuwa mengine.

Mama mkwe alikuwa mwalimu wa hesabu, amestaafu, ana miaka sabini na mmoja. Mumewe alikwisha kufariki, na watoto wake walikuwa wawili tu: binti, ambaye ndiye mke wa fundi wetu, na kijana wa kiume aliyefanya kazi benki na kupenda kila jambo liishe kabla ya saa ya chakula cha mchana. Mama aliishi peke yake katika nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya posta, na aliishi hivyo kwa kupenda. Asubuhi alimwagilia maua ya kwenye makopo, mchana alisahihisha bure madaftari ya watoto wa majirani, na jioni alifunga mlango wake mwenyewe kwa ufunguo wake mwenyewe. "Nimelea watu miaka arobaini," alikuwa akisema. "Sasa najilea."

Hita aliifunga mkwe, zawadi, miaka mitano iliyopita. Aliifunga bafuni, na ili ufike bafuni ilikubidi upite chumba cha kulala cha mama. Siku ya kuifunga haikuwa na tatizo, maana mkewe alikuwepo na chumba kilikuwa kimeandaliwa. Tatizo lilikuja mwaka wa kwanza wa kuisafisha. Aliingia bafuni na mpira wake, akainua macho, na pale juu ya kamba akaona nguo za ndani za mama mkwe zimeanikwa, zimejipanga kama wanafunzi wa darasa la kwanza. Akageukia ukuta. Akiwa bado ameukodolea macho ukuta huo, akitafuta namna ya kufanya kazi bila kuona, mama akaingia amejifunga taulo, akidhani mkwe yuko uani. Wote wawili walipiga yowe. Fundi alijigonga kichwa kwenye tangi, akasema samahani mama, mama akasema samahani baba, na Daktari wa Hita akatoka mbio na mpira ukiburuta nyuma. Kazi siku hiyo haikufanyika. Kadi iliandikwa.

Hapo ndipo alipoteleza, na aliyeteleza mara ya kwanza bila kuumia hurudi kupita pale pale. Mwaka uliofuata alikuja, akanywa chai, akangoja mama aende uani, akaingia bafuni macho chini, akaligonga tangi kwa spana mara mbili, ngo ngo, kama anayebisha hodi. Kisha akaandika kadi: limesafishwa, umekaguliwa, imejaribiwa. Dakika mbili. "Tayari mama," akasema. "Mungu akubariki, mwanangu," akajibiwa. Akafanya hivyo miaka minne.

Mtu atauliza, si angemtuma fundi mwingine? Daktari wa Hita apeleke fundi mwingine kwa mama mkwe wake! Mtaa mzima ungemcheka. Si angemwomba mkewe aandamane naye? Angemwelezaje sababu? Wanaume bwana. Mtu anaweza kuingia kwenye shimo la maji machafu mpaka kiunoni akiimba, lakini kumwambia mkewe maneno kumi kuhusu kamba ya nguo, ulimi unaingia uvunguni.

Mwaka huu, wakiwa wamekaa sebuleni kwake siku ya mapumziko, mama alisema, "Hita yangu siku hizi inakohoa."

"Inakohoa vipi, mama?" aliuliza binti.

"Kama mtu mwenye kifua. Inakoroma, inanyamaza, inagonga."

Yule kijana wa benki aliangua kicheko. "Mama, leo unaisikia ikikohoa, kesho itakuomba dawa."

"Cheka tu. Nimefundisha watoto arobaini chumba kimoja. Namjua anayekohoa na anayejisingizia."

Wote wakamgeukia fundi. Naye alijua. Alijua siku hiyo hiyo, kwenye kiti kile kile, kikombe mkononi: tangi likikoroma ni chokaa imejaa, maji yanachemkia chini yake yakitafuta njia. Fundi wa mwaka wa kwanza analijua hilo. Akasema, "Ni mabomba tu, mama. Yakipata moto yanajinyoosha." Kisha akacheka pamoja na shemeji yake, na kicheko hicho alikuja kukikumbuka mara nyingi kuliko alivyotaka.

Miezi miwili baadaye, Jumamosi asubuhi, simu ililia wakiwa kwenye kifungua kinywa. Jirani wa mama. Mama alikuwa ameweka ndoo chini ya bomba la maji ya moto, akafungua, na badala ya maji ukaja mlipuko wa mvuke na maji yanayotokota, yakamrukia mkono wa kushoto kuanzia bega hadi kiwiko. Ameshapelekwa zahanati. Mke wa fundi alilia akitafuta viatu. Fundi yeye alikaa.

Walimkuta kitandani, mkono umefungwa bandeji nyeupe, uso umesawijika kwa maumivu, lakini akili iko palepale: alikuwa akimwambia muuguzi kwamba saa ya ukutani iko nyuma dakika saba. Kijana wa benki aliingia akihema.

"Mama, ulikizungusha kile kidude cha kuongeza moto?"

"Sijagusa kitu mimi."

"Mama, maji hayachemki hivyo yenyewe. Fikiri vizuri."

"Nimeshafikiri. Sijagusa."

Kijana akageuka. "Shemeji, wewe ndiye mtaalamu. Hita ilikuwa nzima au haikuwa nzima?"

Mkewe alimtazama, shemeji alimtazama, muuguzi alimtazama. Mama naye alimtazama, na hayo ndiyo macho yaliyomchoma, kwa sababu hayakuwa na shaka yoyote. Yalikuwa macho ya mtu anayengoja shahidi wake aseme.

"Niliihudumia mwezi wa nne," fundi alisema. "Kadi... kadi ipo."

Hakusema uongo mkubwa kuliko huo, na haukuhitajika mkubwa zaidi. Kijana alipiga kofi pajani, basi, jibu limepatikana. Mama aliutazama mkono wake uliofungwa. Halafu alisema polepole, "Kama mkwe wangu anasema ilikuwa nzima, basi ilikuwa nzima. Huenda niligusa. Huenda niligusa nikasahau."

Kuanzia hapo mambo yalikwenda mbio. Alipotoka zahanati, siku mbili baadaye, alipelekwa nyumbani kwa fundi auguzwe na binti yake, na jioni hiyo hiyo kijana wa benki akaja na hoja zake. Mama alishawahi kuunguza sufuria. Mama alimwita mjukuu kwa jina la mjukuu mwingine. Mama alitafuta miwani nusu saa na miwani ikiwa kichwani. Nani, nakuuliza wewe msomaji, hajaunguza sufuria? Lakini ukishaamua kwamba mtu amezeeka, kila kitu anachofanya kinakuwa ushahidi. Likakatwa shauri: Jumamosi ya wiki inayofuata mama atahamia kwa mwanawe, ghorofa ya nne, chumba kimoja na wajukuu wawili. Nyumba ya nyuma ya posta itapangishwa. Mama hakubisha. Huyu mama aliyebisha na kila mtu maisha yake yote, akiwemo mkaguzi wa elimu, aliinamisha kichwa na kusema, "Mtakavyoona, wanangu."

"Shemeji," alisema kijana akiaga, "ile hita ikague, uiweke sawa kwa ajili ya mpangaji."

Jumanne fundi alikwenda peke yake. Nyumba ilikuwa kimya, maua kwenye makopo yameanza kunyauka. Alipita chumba cha kulala, akaingia bafuni, na safari hii kamba haikuwa na nguo hata moja. Hakuwa na kisingizio tena.

Aliunganisha mpira, akafungua. Hakuna kilichotoka. Tundu lilikuwa limezibwa. Akachokonoa kwa waya mpaka ukaanza kutoka uji mweupe, kisha vipande, kisha mabonge, na alipomaliza ndoo moja ilikuwa imejaa na ya pili imefika nusu. Ufito aliukuta umebaki waya mwembamba, umeliwa wote, miaka umeliwa na hakuna aliyeubadilisha. Vali ya usalama aliivuta, ikagoma. Chokaa ilikuwa imeifunga kama saruji. Hiyo ndiyo ingefunguka siku ile. Hiyo ndiyo ingemwokoa.

Alibakiza kitu kimoja, na alikiogopa. Kidude cha kuongeza na kupunguza moto kilikuwa nyuma ya kifuniko cha bati chenye skrubu mbili. Ukuta na kifuniko vilipakwa rangi miaka mitatu iliyopita, na fundi wa rangi alipitisha brashi juu kwa juu, skrubu zikafunikwa pamoja na bati. Fundi alisogeza tochi. Rangi ilikuwa nzima. Haikuwa na ufa hata wa unywele. Hakuna mkono wa mtu uliofungua kifuniko hicho tangu kilipopakwa rangi. Aliikwangua mwenyewe kwa bisibisi, akafungua, na ndani mshale ulikuwa pale pale alipouweka yeye siku ya kwanza, kwenye alama aliyoichora kwa penseli yake. Chokaa ndiyo iliyokizuia kipima joto kisihisi moto, umeme ukaendelea kuwaka, maji yakachemka yakijifungia humo ndani.

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Aibu ilimjaa, na haikuwa aibu ya kamba ya nguo. Ile ya kamba ilikuwa haya ya mtoto, ukilinganisha. Alijitazama akitembea mtaani na mpira kifuani, Daktari wa Hita, mwenye meno yake na mawaidha yake, na akatamani ardhi impasukie. Mama hakugusa kitu. Mama alisikia hita ikikohoa akasema, wakamcheka. Sasa alikuwa akinyang'anywa nyumba yake na akili yake pamoja, na mtu pekee duniani aliyejua kwamba akili hiyo ni nzima alikuwa amekaa juu ya ndoo.

Nitawaambia leo jioni, alisema moyoni.

Jioni mkewe alimpakulia chakula akasema, "Afadhali wewe ulikuwa ukiiangalia ile hita, baba watoto. Bila wewe sijui ingekuwaje." Alikunywa maji, akasema amechoka, akaenda kulala.

Kesho yake alijiambia kesho. Keshokutwa alijiambia asubiri mkono wa mama upone kidogo, asimwongezee mawazo. Aibu ina akili sana. Inaweza kukupa sababu mpya kila asubuhi, na kila moja inafanana na huruma.

Na kila asubuhi mama mkwe alikuwa mezani kwake. Hilo ndilo lililokuwa adhabu. Alivaa miwani, akachukua bahasha kuukuu na penseli, akajiandikia hesabu na kujipima. Siku moja aliisukuma bahasha mbele yake.

"Mkwe, hebu niangalizie. Kumi na saba mara kumi na tatu nimepata mia mbili ishirini na moja."

Fundi alitoa simu, akabonyeza. "Ni sawa, mama. Mia mbili ishirini na moja."

"Na hii?"

"Sawa pia."

"Zote sawa?"

"Zote, mama. Una akili kuliko sisi sote humu ndani."

Alikuwa anasema kweli tupu, na hakuwahi kujisikia mwongo kama wakati huo. Mama alitikisa kichwa. "Hesabu za zamani hubaki. Zinazoondoka ni za jana. Nilimwona mama yangu mdogo. Alikuwa anaimba nyimbo za utotoni zote, lakini hajui kama amekula." Akaikunja bahasha mara nne, ndogo kabisa. "Kinachoniogopesha, mwanangu, ni kwamba sikumbuki. Nikifumba macho naona mkono wangu unakwenda kwenye bomba, basi. Kule kuongeza moto sikuoni hata nikijilazimisha. Ina maana kumefutika kabisa."

Neno lilifika kwenye meno yake. Mkewe akaingia na chupa ya chai, akauliza kama sukari imetosha, na neno likarudi lilikotoka. Fundi alimshukuru mkewe moyoni kwa kuingia, kisha akajichukia kwa kushukuru.

Siku zile alifanya kazi za watu kama aliyerogwa. Hita ya saa tatu ilimchukua saa tano. Hakutaja meno tena. Mteja mmoja wa siku nyingi alimtania, "Daktari, leo mbona hakuna mahubiri?" Akajibu kwamba koo linamuuma.

Jumamosi ikafika. Kijana wa benki alikuja na gari la mizigo na dereva wake, saa mbili kamili, maana alitaka kufikia saa sita kazi iwe imekwisha. Walitoa kabati, wakatoa meza, fundi na shemeji yake wakakibeba kitanda mpaka uani. Mama alisimama kizingitini na bandeji yake, akigawa maua yake kwa jirani, kopo moja moja, akieleza lipi linapenda jua. Hakulia. Ufunguo aliutoa mwenyewe kwenye fundo la kitambaa chake, akamkabidhi mwanawe.

Kisha akamwita fundi.

"Mkwe wangu, njoo tupite vyumba vyote na wewe. Nimeshapita mara mbili kuangalia kama nimeacha kitu, lakini macho yangu siyaamini. Angalia wewe, wewe nakuamini."

Hapo ndipo alipovunjika. Si kwamba alijikaza kiume akaamua kuwa mtu mwema, la; miguu tu ilikataa kuingia ndani ya nyumba ile kuwa macho ya mwanamke ambaye yeye mwenyewe alimpofusha. Alikaa chini, juu ya kizingiti, mbele ya dereva na jirani na maua.

"Mama, hukugusa," alisema.

"Nini?"

"Hita. Hukugusa kitu. Kifuniko kina rangi juu ya skrubu, hakijafunguliwa miaka mitatu. Ni chokaa. Nimetoa ndoo moja na nusu. Mimi sikuisafisha. Sijawahi kuisafisha, mama, hata mara moja. Nilikuwa nagonga tu, naandika kadi."

Mkewe alilishusha chini sanduku la vyombo, kitu ndani kikavunjika, na hakuna aliyekitazama. "Miaka yote hii?" aliuliza. "Na pale zahanati?"

"Na pale zahanati."

"Shemeji, wewe ni mshenzi," alisema kijana wa benki, na sauti yake ilikuwa nyembamba, kwa sababu naye alikuwa ameanza kukumbuka aliyoyasema yeye. "Tulikuuliza! Nilikuuliza uso kwa uso!"

Mama aliinua mkono mzima, na wote wakanyamaza, kama darasa.

"Umejua lini?" aliuliza.

"Nilijua... kwa hakika nimejua nilipoifungua. Jumanne ya wiki iliyopita."

Midomo ya mama ilitikisika kidogo. Alikuwa anahesabu. "Siku kumi na moja."

"Ndiyo, mama."

"Mkono huu umeunguzwa na maji. Maji hayana nia, na uzembe nimeuona maisha yangu yote, nausahihisha kwa kalamu nyekundu, unapita. Lakini siku kumi na moja nimelala nyumbani kwako. Nimekula mezani kwako. Najipima akili kwa hesabu za darasa la tano, naogopa kichwa changu mwenyewe kama mtu anavyoogopa mwizi, na wewe umekaa mbele yangu unanisahihishia. Kwa nini?"

"Niliona haya."

"Haya ya nini?"

Akasema. Alisema yote, kamba na taulo na kichwa alichojigonga, akiwa ametazama vidole vya miguu yake. Dereva wa gari alipata ghafla kazi ya kuangalia matairi. Mama alitoa sauti fupi, na kwa mtu wa mbali ingesikika kama kicheko.

"Kwa nguo za kwenye kamba," alisema. "Si ungeniambia, 'Mama, anua nguo'? Maneno matatu, baba. Ningeanua."

Jirani, mwanamke mwenye busara, alianza kurudisha makopo ya maua mahali pake, moja moja.

Mama alinyoosha kiganja kwa mwanawe, na kijana wa benki akauweka ufunguo pale. Kisha akamgeukia mkwe wake. Miaka ishirini na sita alikuwa amemwita mwanangu, baba, mkwe wangu.

"Fundi," alisema. "Rudisha kitanda changu ndani."

Walikirudisha, yeye na shemeji yake, kila mmoja upande wake, bila kutazamana. Walirudisha kabati na meza na masanduku. Mkewe alipanga vyombo huku akifuta machozi kwa bega na hakumwelekezea neno. Kuhusu hita, mama alisema kwamba atakuja fundi mwingine, na kama yuko mwanamke anayefanya kazi hiyo basi ni bora zaidi. Akaongeza kwamba atakaa bafuni na kiti chake, aone kila kinachotoka kwa macho yake.

Ilipofika alasiri walikuwa wamemaliza. Gari la mizigo liliondoka tupu. Kijana wa benki alimbusu mama yake mkononi, kwenye mkono ule mzima, halafu akaenda zake. Mama aliwasindikiza fundi na mkewe mpaka mlangoni. Alisimama wima, miwani puani, mwenye nyumba yake. Aliwaaga binti yake kwa jina lake la utoto na fundi kwa kichwa tu, akafunga mlango. Waliusikia ufunguo ukizunguka kitasani.

Walikuwa hawajafika hatua tano waliposikia ufunguo ukizunguka tena, mlango ukafunguka kidogo, ukafungwa, ufunguo ukazunguka. Wakasimama. Kisha kitasa kikafunguliwa mara ya tatu, kikafungwa, na mlango ukatikiswa kwa ndani, mara mbili, kwa nguvu.

Mke wa fundi, aliyekuwa hajamsemesha tangu asubuhi, aligeuka. "Mama anafanya nini?"

"Anahakikisha kama amefunga," alisema fundi. "Zamani alikuwa hahakikishi. Hayo nimemfundisha mimi."